Waya Umekatika

Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni,
mashine za kuchomelea zikianza kunyamaza Kariobangi Light,
mimi hufundisha Kiingereza kwenye boneti:
boneti ya Pijo iliyokufa kabla wanafunzi wangu hawajazaliwa,
imepakwa rangi nyeusi, imeegemezwa ukutani,
na chaki huteleza pale ilipobonyea.

Sijawahi kumiliki gari.
Siku ya kwanza niliwaletea umoja na wingi.
Makokha akainua mkono wenye grisi:
"Mwalimu, hayo yatawasha taa ya breki?"
Hayakuwasha.
Wiki iliyofuata nikarudi na balbu, betri ya pikipiki
na woga.

Tangu hapo tunasoma kwa kufuata umeme.
Betri, fyuzi, swichi, taa: kila nomino ina kituo chake,
na kitenzi ndicho kinachopita.
Sentensi isiyorudi nyumbani haiwaki, nasema,
na Chebet huliandika hilo kiganjani
kwa sababu daftari lake limelowa oili.

Musyimi ametoka Mavoko. Miezi mitatu
aliamini waya mweusi unaofungwa kwenye bodi
huitwa wa Athi kwa kuwa umeme, ukishachoka,
huteremka kwao, kule mtoni, kwenye viwanda vya saruji.
Nilipomwambia neno hilo ni dunia, ni udongo,
aliangalia sakafu kwa muda.
"Basi wangesema tu. Udongo tunaujua."
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Kisha ikaja Probox ya mwenye duka la dawa pale Umoja.
Nyaboke alikuwa chini ya dashibodi, tochi mdomoni,
koleo mkononi, akitafuta waya wa redio.
Kach.
Indiketa ya kushoto ikazima.

Kadi ya kazi hujazwa kwa Kiingereza. Ndiyo sheria
ya karakana, na ndiyo sababu ninalipwa, nikilipwa.
Tukakaa na kadi ile mbele yetu.
"Waya umekatika," akasema kwa Kiswahili, taratibu,
kama mtu anayetandika kitanda juu ya kitu.

Ninalipenda umbo hilo. Umekatika.
Kimevunjika. Imemwagika. Lugha yetu ina huruma:
hukichukua kilichoharibika, ikakisimamisha peke yake
uani, isiulize mkono.
Mama alinilea kwa umbo hilo. Vikombe vingi
vilivunjika nyumbani kwetu, na hakuna aliyevivunja.

Na sikumdanganya: hata Kiingereza kina chumba
cha nyuma cha kujifichia. Nilimwonyesha mlango wake.
Akafikiri, akapangusa kalamu kwenye ovaroli,
akauliza, "Fundi atakayefuata, akisoma hivyo,
atajua aanzie wapi kutafuta?"

Akaandika herufi moja, imesimama wima
kama nguzo ya stima kando ya Jogoo Road.
Mimi.
Halafu kitenzi. Halafu waya, na rangi yake,
kijani, mstari mweupe. Tahajia mbovu mara mbili.
Sikusahihisha.

Shilingi mia tatu zilikatwa kwenye posho yake.
(Zilikatwa. Alizikata Bwana Gathogo, mwenye karakana.
Na mimi nijifunze kuandika.)

Usiku huo, Kayole, rundo la madaftari mapajani,
balbu ikazima,
na jirani akapaza sauti dirishani:
"Stima zimepotea!"
kana kwamba zilitoka matembezi zikasahau njia.
Nikakaa gizani na kalamu yangu nyekundu
nikiusikiliza mtaa mzima ukisema hivyohivyo,
zimepotea, zimepotea,
na mtoto mmoja, ghorofa ya tatu, akiuliza
nani kazipoteza.